₹ kwenye kompyuta ya zamani: namna ya kuipa mashine alama ya fedha isiyoijua

Sisi wa shilingi hatujui adha ya alama za fedha. Tunaandika Sh 5,000 au 5,000/= na biashara inaendelea, maana herufi na mkwaju vipo kwenye kila kibodi tangu enzi za taipureta. Adha hiyo nimeijulia katika duka moja la vipuri vya bajaji na pikipiki pale Kariakoo. Kompyuta ya kaunta ni ya Windows XP, na mwenye duka, mama mtu mzima, hataki kusikia habari ya kuibadilisha kwa sababu programu yake ya stoo haikubali kukaa kwingine. Siku moja orodha ya bei ilikuja kutoka India kwa baruapepe, na kila bei ikawa imetanguliwa na â‚¹.

"Mwanangu, hii ni fedha ya nchi gani?"

"Ni rupia, Mama. Kompyuta yako ndiyo haijawahi kuiona."

Na kweli haijawahi. XP ilitoka mwaka 2001. Alama ya rupia ya India, ₹, iliidhinishwa na baraza la mawaziri la nchi hiyo tarehe 15 Julai 2010. Aliyeichora ni D. Udaya Kumar, aliyechanganya herufi ra ya Kidevanagari na R ya Kirumi iliyoondolewa mguu wake wa wima. Kabla ya hapo India iliandika Rs, sawa na Pakistani, Nepali, Sri Lanka na Morisi. Oktoba ya mwaka huohuo alama ikapata namba katika Yunikodi (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake) toleo la 6.0: U+20B9. Mashine iliyotoka kiwandani kabla ya hapo haina habari nayo mpaka wewe uifundishe.

Nitatumia ₹ kama mfano, lakini njia ni ileile kwa lira ya Uturuki (₺, ya mwaka 2012) au rubo ya Urusi (₽, ya mwaka 2013). Mwishoni nimeongeza riali mpya ya Saudia, kwa sababu mawakala wa Hija na Umra wameanza kuniuliza.

Jua kwanza kinachokosekana

Alama ya fedha ndani ya kompyuta ni vitu vitatu: namba inayohifadhiwa kwenye faili, umbo linalochorwa na fonti, na kitufe cha kuiandikia. Mafundi wengi hukimbilia fonti kabla ya kujua kati ya hivyo vitatu kipi hakipo. Jaribio lake halichukui hata dakika moja:

1. Fungua WordPad. Usitumie Notepad kwa jaribio hili.
2. Andika 20B9, kisha shikilia Alt na ubonyeze X.
3. Tazama kilichotokea.

Ukiona ₹, umbo tayari lipo. Ruka hadi sehemu ya kitufe. Ukiona mraba mtupu, usikunje uso. Namba imekubalika, kilichokosekana ni umbo tu, na hilo linatibika. Ukiona alama ya kuuliza kwenye programu nyingine yoyote, hapo kuna shida kubwa zaidi: programu yenyewe si ya Yunikodi, na nitairudia huko chini.

Ile â‚¹ ya Mama ni ugonjwa mwingine kabisa. Hapo namba ilifika salama ila ilisomwa vibaya. Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba za Yunikodi kwenye faili, alama ya rupia ni baiti tatu: E2, 82, B9. Windows ya zamani ikizisoma moja moja kwa jedwali lake la herufi liitwalo 1252, E2 inakuwa â, 82 inakuwa ile koma ya chini na B9 inakuwa moja ndogo ya juu. Hakuna fonti itakayotibu hilo, hata ukiweka mia. Orodha ile ilikuwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, na dawa ni kuacha kulifungua kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu kwanza. Katika Excel 2003 nenda "Data", kisha "Import External Data", kisha "Import Data". Katika Excel 2007 nenda "Data", kisha "From Text". Chagua faili, na pale penye "File origin" teua 65001: Unicode (UTF-8). Orodha ya Mama ilinyooka palepale, ila sasa kila bei ilianza na mraba mtupu. Hatua moja mbele.

Umbo: Windows 7 na Vista

Hawa wana bahati. Microsoft ilitoa sasisho lao, namba yake KB2496898. Litafute kwenye Microsoft Update Catalog ukitumia kompyuta yenye kivinjari kipya, kwa sababu kile cha zamani kitakusumbua bure, kisha ulihamishe kwa flashi. Hakikisha umechukua la Windows yako, na kwamba ni x86 kama mashine ni ya biti 32 au x64 kama ni ya biti 64. Ubofye Computer kwa kulia, uchague "Properties", utaona. Likishaingia, washa kompyuta upya. Fonti kadhaa za kawaida zitakuwa na ₹, na kibodi ya English (India) itaiandika kwa Alt ya kulia pamoja na 4.

Umbo: XP

XP haikupewa sasisho hilo, kwa hiyo umbo tunalileta wenyewe. Mimi natumia DejaVu Sans: ni ya bure, ina alama nyingi za fedha, na haina ukorofi kwenye mashine dhaifu.

1. Pakua DejaVu kwenye kompyuta nyingine, ufungue kifurushi, unakili DejaVuSans.ttf na DejaVuSans-Bold.ttf kwenye flashi.
2. Kwenye XP fungua "Control Panel", kisha "Fonts". Kama huioni, bofya kwanza "Switch to Classic View".
3. Nenda "File", kisha "Install New Font", uonyeshe folda ya flashi, uchague zote mbili, uhakikishe kisanduku cha "Copy fonts to Fonts folder" kimetiwa tiki.
4. Anzisha charmap, ramani ya herufi za Windows, kupitia "Start" na "Run". Chagua DejaVu Sans, tia tiki "Advanced view", na kwenye "Go to Unicode" andika 20B9. Ukiona rupia imekaa pale, umemaliza hatua hii.

Sasa ukiandika barua kwa DejaVu Sans utaipata ₹. Lakini ukiwa kwenye Tahoma, fonti ya menyu na visanduku vya XP, bado utaona mraba. Hapa wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pana ufundi ninaoupenda kuliko yote katika kazi hii: unaiambia Windows kwamba Tahoma ikikosa umbo, ikaazime kwa DejaVu.

Fungua regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, kupitia "Start" na "Run". Kabla hujagusa chochote, nenda "File", kisha "Export", uhifadhi nakala. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu kosa moja humo ndani linaweza kukulaza dukani. Kisha fuata njia hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\FontLink\SystemLink

Utakuta orodha ya majina ya fonti. Bofya Tahoma mara mbili na mwishoni uongeze mstari mmoja:

DejaVuSans.ttf,DejaVu Sans

Hakuna nafasi baada ya koma. Kama Tahoma haimo, iunde wewe kama "Multi-String Value". Fanya vivyo hivyo kwa Microsoft Sans Serif ukipenda. Washa upya. Tangu hapo majina ya mafaili, visanduku vya kuandikia na sehemu nyingi za Windows zitaionyesha rupia bila wewe kubadilisha fonti popote.

Fonti ya ujanja: usiiweke

Alama ilipotangazwa mwaka 2010, kabla Yunikodi haijaipa namba, zilisambaa fonti zilizochora ₹ mahali pa kile kialama cha kushoto mwa 1, yaani `. Unachagua fonti hiyo, unabonyeza `, rupia inatokea. Inavutia kweli. Niliiweka kwa mteja mmoja wa wakati ule na nikajiona fundi wa kutajwa.

Wiki haikuisha. Ankara aliyoituma kwa baruapepe ilifika kwa mwenzake ikisomeka `48,500, kwa sababu kule fonti haikuwapo, na bila fonti ile kilichoandikwa ni ` tu. Aliponakili jumla kutoka Word kwenda kwenye programu ya hesabu, ` ikaenda nayo. Akitafuta ₹ kwenye mafaili hapati kitu, akitafuta ` anapata takataka. Nilirudi kwa gharama yangu, nikafungua mafaili moja moja na kubadilisha kila ` kuwa ₹ halisi kwa "Find and Replace". Kwa hiyo ukikuta mashine yenye fonti ya aina hiyo, geuza kwanza maandishi yote, ndipo uifute. Ukianza kwa kuifuta, hutaweza tena kutofautisha ` iliyokuwa rupia na ` iliyokuwa ` kweli.

Kitufe

Kwa anayeandika rupia mara moja kwa mwezi, ile 20B9 na Alt+X inamtosha ndani ya Word na WordPad. Kwenye intaneti utaambiwa pia ushikilie Alt na kuandika 8377 kwenye namba za kulia. Inafanya kazi Word na WordPad, lakini jaribu Notepad uone: utapata ╣. Si uchawi. Kwingine Windows hutoa 256 mara nyingi iwezekanavyo kwenye namba uliyoandika na kutumia masalia. 8377 inabakiza 185, na 185 kwenye jedwali la zamani la DOS ni hiyo pembe ya ukuta.

Njia inayofanya kazi karibu kila mahali ni hii. Katika regedit nenda HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Input Method, unda "String Value" iitwayo EnableHexNumpad, uipe thamani 1, kisha utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena. Kuanzia hapo shikilia Alt, bonyeza + ya namba za kulia, andika 20b9, achia Alt.

Lakini mhudumu wa kaunta mwenye wateja kumi mbele yake huwezi kumwambia habari za 20b9. Yeye mpe kitufe. Kwenye Windows 7 yenye sasisho, ongeza tu kibodi ya English (India). Kwenye XP, tengeneza kibodi yako kwa Microsoft Keyboard Layout Creator 1.4, ambayo ni bure na inahitaji .NET Framework 2.0:

1. "File", kisha "Load Existing Keyboard", chagua US.
2. Upande wa kushoto, kwenye "Shift States", tia tiki ya "Alt+Ctrl (AltGr)".
3. Bofya kitufe cha 4, andika U+20b9, kubali.
4. Kwenye "Project", kisha "Properties", ipe jina fupi. Mimi niliita dukarup.
5. "Project", kisha "Build DLL and Setup Package". Folda inayotokea ina setup.exe, ndiyo utakayoipeleka kwenye kila mashine.
6. Baada ya kuiweka, nenda "Regional and Language Options", "Languages", "Details", uifanye kuwa ya kawaida.

Kisha bandika kipande cha karatasi chenye ₹ ubavuni mwa 4. Karatasi hiyo itapunguza simu za usiku kuliko mafunzo yoyote utakayotoa.

Kwenye Linux hakuna kazi. Ubuntu ilikuwa na umbo hilo tangu 10.10 ya Oktoba 2010. Kwa kitufe, amri ni moja:

setxkbmap -layout us -option rupeesign:4 -option lv3:ralt_switch

Excel, na mtego wa "Regional Options"

Ukiingia kwenye "Regional and Language Options" utaona mahali pa kubandika alama ya fedha ya mfumo mzima. Kwenye mashine inayouza kwa shilingi, usiguse. Seli za Excel zilizowekewa mtindo wa fedha wa kawaida hufuata alama ya mfumo, wala hazibadilishi thamani. Stata ya Sh 18,000 itaamka asubuhi ikiwa ₹18,000, na mtu ataiamini.

Badala yake chagua seli zinazohusika tu, bonyeza Ctrl+1, nenda "Custom", uandike:

[$₹-4009] #,##0.00

Kuna jambo jingine litakalokuchanganya kwenye orodha za India. Mama alinionyesha 1,25,000 akasema muuzaji amekosea koma. Hajakosea. Wao hutenga tarakimu tatu za mwisho, kisha mbili mbili, ili laki ionekane peke yake: laki moja na elfu ishirini na tano. Neno laki tumelipata kwao, lakini koma tumewaachia wenyewe. Ukinakili bei hizo, hakikisha Excel imezipokea kama namba na si maandishi. Zikijipanga kushoto mwa seli, ni maandishi.

Printa

Kioo kinaweza kuonyesha ₹ na karatasi ikatoa nafasi tupu. Kwenye printa za sindano kama Epson LX-300, angalia fonti uliyochagua. Zikiitwa Draft 10cpi au Roman 10cpi, hizo ni fonti za ndani ya printa yenyewe, nazo zilichongwa kabla ya rupia kuwa na alama. Chagua DejaVu Sans. Windows itaituma kama picha. Printa itakwenda polepole, sindano zitalia kwa muda mrefu zaidi, lakini rupia itatoka.

Printa ndogo za risiti ni wakaidi zaidi, kwa sababu programu nyingi za kaunta huzipelekea maandishi ghafi. Humo ndani mna majedwali ya herufi 256, na jedwali lisilo na alama halina alama. Yuro ilipokuja ilitafutiwa jedwali lake, PC858, linaloitwa kwa amri ya ESC t 19 kwenye Epson. Rupia haimo humo. Kama una uwezo wa kurekebisha programu, amri ya ESC & hukuruhusu kuchora herufi yako, kwa kawaida nukta 12 kwa 24, na ESC % huiwasha. Michoro hiyo hufutika printa ikizimwa, hivyo programu iitume upya kila asubuhi. Kama huna uwezo huo, andika Rs au INR, kifupi cha kimataifa cha rupia ya India, na ulale usingizi. Nimeona watu wakipoteza siku mbili kwa ajili ya alama ambayo mteja hata hakuitazama.

Ushauri huohuo ni wa programu za stoo zisizo za Yunikodi. Ukibandika ₹ humo, inahifadhiwa kama alama ya kuuliza, na ya asili haipo tena mahali popote. Ongeza safu yenye INR, TZS au KES, na kiasi kikae peke yake kama namba. Kama hazina-data ni ya SQL Server, kumbuka safu ya aina ya VARCHAR ya kawaida haitaipokea ₹, tumia NVARCHAR.

Riali mpya ya Saudia

Saudia ilizindua alama ya riali tarehe 20 Februari 2025, na Yunikodi 17.0 ya Septemba mwaka huo ikaipa U+20C1. Msiichanganye na ﷼ ya zamani, U+FDFC, ambayo ni neno zima lililofinyangwa pamoja. Fonti nyingi zilizopo kwenye mashine zetu hazina hiyo mpya, kwa hiyo tutaichonga wenyewe kwa FontForge, programu ya kutengenezea fonti, kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi kidogo:

1. Pata mchoro rasmi wa SVG (faili la mchoro wa mistari) uliotolewa na benki kuu ya Saudia. Usichore kwa kukisia. Mistari yake ina mwinamo wake maalumu.
2. Fungua DejaVuSans.ttf. Nenda "Encoding", kisha "Reencode", uchague ISO 10646-1 (Unicode, BMP).
3. "View", kisha "Goto", andika U+20C1. Bofya kijisanduku mara mbili, kisha "File", "Import", ulete SVG.
4. Punguza mchoro mpaka kimo chake kilingane na cha 8, na kwa "Metrics", kisha "Set Width", upe upana wa tarakimu.
5. Kwenye "Element", kisha "Font Info", badilisha jina la fonti. Ukiliacha la zamani, Windows itachanganya ya kwako na DejaVu halisi na hutajua ipi inaonekana.
6. "File", kisha "Generate Fonts", aina ya TrueType.

Usifanye hivi kwa Arial wala Times New Roman. Leseni zake haziruhusu. Fonti yako mpya iweke kwenye XP au 7 kama tulivyoiweka DejaVu, ile laini ya SystemLink uielekeze kwake kwa jina lake jipya, na kwenye kibodi uweke U+20c1 mahali pa U+20b9. Wakati wa kuandika, alama inakaa kushoto mwa kiasi na nafasi katikati yao, hata ndani ya sentensi ya Kiarabu.

Na ukimtumia mtu bei za Umra zenye riali hiyo, zitume kwa PDF iliyobeba fonti ndani yake. Ukimtumia faili la Word, namba itafika Jeddah na umbo litabaki Kariakoo.